Maslahi ya Nani? Uhakiki wa Msamiati wa Kiswahili katika Ushirikiano wa Kikanda wa Haki na Ulinzi wa Mtoto

Ikisiri

Nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu zimejifunga kwa mikataba ya kimataifa ya haki za mtoto, na Kiswahili kimepata hadhi rasmi katika nchi nyingi miongoni mwao. Hata hivyo, istilahi za Kiswahili zinazobeba mikataba hiyo zimezaliwa kila moja kwao: nyingine zimetafsiriwa kutoka Kiingereza, nyingine kutoka Kifaransa, na nyingine zimechipuka katika kazi za kila siku za maafisa wa ustawi. Makala hii inahakiki istilahi chache za msingi: mtoto, maslahi bora, ndoa za mapema, ajira ya watoto, usafirishaji haramu, kuasili na kusikilizwa. Hoja kuu ni kwamba kasoro za istilahi hizi huweza kubadili uamuzi unaofanywa juu ya mtoto, hasa mtoto aliyevuka mpaka. Makala inapendekeza usanifishaji wa pamoja unaoanzia kwa mtumiaji wa mwisho, yaani mtoto na mlezi wake.

1. Utangulizi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na kuanza kutumika Septemba 1990. Mwaka huohuo wa 1990, wakuu wa nchi za Afrika walipitisha mjini Addis Ababa Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulioanza kutumika Novemba 1999. Mikataba hii miwili ndiyo nguzo za ushirikiano wa kimataifa kuhusu mtoto katika eneo letu, na sheria za nchi zimejengwa juu yake: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, pamoja na Sera ya Mtoto ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016.

Katika kipindi hichohicho, hadhi ya Kiswahili imepanda. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya 2021, ilikifanya lugha ya sheria na mahakama. Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha rasmi ya kazi Februari 2022, na Baraza la Mawaziri la Uganda likafanya uamuzi wa kukirasimisha Julai mwaka huohuo. Wanazuoni wa Kiswahili tumeyashangilia maamuzi haya, na tulistahili kushangilia. Lakini lugha inapopewa ofisi hupewa na kazi. Mojawapo ya kazi hizo ni kumweleza mtoto na mzazi wake, kwa maneno wanayoyaelewa, ni nini mataifa yameahidi.

Swali la makala hii ni kama Kiswahili tulichonacho leo kinaifanya kazi hiyo. Jibu letu ni kwamba kinaifanya kwa sehemu tu. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya malezi. Lugha yenye kulea, kutunza, kuhifadhi, kulinda, kukimu na kukirimu haiwezi kuitwa maskini katika jambo hili. Tatizo ni kwamba wafasiri wa mikataba mara nyingi wameitazama lugha chanzi na kumsahau anayesikiliza.

2. Msingi wa uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mtazamo wa Skopos ulioasisiwa na Hans Vermeer, unaodai kwamba tafsiri hupimwa kwa lengo linalokusudiwa katika utamaduni pokezi. Pingamizi la kawaida dhidi ya mtazamo huu ni kwamba matini ya kisheria haina uhuru huo. Mfasiri wa mkataba hufungwa na neno. Kwa mikataba ya mtoto, pingamizi hilo linapungua nguvu, kwa sababu mkataba wenyewe unatangaza lengo lake. Kifungu cha 42 cha Mkataba wa 1989 kinazitaka nchi kueneza kanuni na masharti yake kwa njia zinazofaa na za juhudi, kwa watu wazima na kwa watoto vilevile. Hivyo tafsiri isiyoeleweka kwa mtoto inakwenda kinyume cha wajibu ambao nchi imejitwika kwa sahihi yake, hata kama imelifuata neno kwa uaminifu.

Jambo la pili la kuzingatia ni historia. Mkataba wa 1989 una matini sita zenye nguvu sawa: za Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili cha Tanzania na Kenya kimeupokea kupitia Kiingereza. Kile cha Burundi na mashariki ya Kongo kimeupokea kwa kiasi kikubwa kupitia Kifaransa. Kwa hiyo maafisa wawili wanaokutana mpakani, wote wakisema Kiswahili, wanaweza kuwa wanatafsiri kimoyomoyo kutoka lugha mbili tofauti. Ushirikiano wa kikanda haujalitilia maanani jambo hili.

3. Mtoto ni nani?

Mkataba wa Afrika hauachi nafasi ya shaka: mtoto ni kila binadamu aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa 1989 unaweka umri uleule, lakini unaruhusu sheria ya nchi kuweka utu uzima mapema zaidi. Katika Kiswahili, neno mtoto linabeba mambo mawili kwa pamoja, umri na uhusiano. Mzee wa miaka 60 ni mtoto wa mama yake. Kwa upande mwingine, msichana wa miaka 16 aliyeolewa au kujifungua huacha kuitwa mtoto katika vinywa vya wengi. Huwa mwanamke, au mama fulani. Mvulana aliyetoka jandoni huitwa kijana.

Neno kijana linaongeza utata. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya 2007 inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia miaka 18. Kwa hiyo mtu wa miaka 16 ni mtoto na kijana kwa wakati mmoja upande mmoja wa Namanga, na ni mtoto tu upande wa pili. Mtafiti anaweza kulichukulia hili kama suala la takwimu. Kwa mtoto mwenyewe uzito wake ni mwingine, kwa kuwa anayeitwa kijana hutarajiwa kujitegemea na anayeitwa mtoto hutarajiwa kulindwa. Afisa akiandika katika fomu kwamba amempokea kijana wa kiume, msomaji wa pili wa fomu hiyo tayari ameelekezwa jinsi ya kumwona.

Pendekezo letu si kuliondoa neno kijana. Ni kwamba matini zote za ulinzi zitaje umri kwa tarakimu kila zinapomtaja mtu wa miaka 15 hadi 17, na zimwite mtoto kwa sababu ndilo jina linalomletea haki.

4. Maslahi bora: istilahi iliyobanwa na mishahara

Kanuni mama ya mikataba yote miwili imezoeleka kwa jina la maslahi bora ya mtoto. Kiasili neno maslahi halina kosa. Limetoka katika Kiarabu, ambako maslaha ni manufaa au jambo lenye kheri, na ni istilahi nzito katika elimu ya fikihi. Mfasiri wa kwanza aliyelichagua alikuwa na sababu nzuri.

Lakini maneno husafiri. Katika Kiswahili cha magazeti na mikutano ya vyama vya wafanyakazi, maslahi yamekuwa mishahara, posho na marupurupu. Tunasikia kuhusu maslahi ya walimu, maslahi ya askari, kuboresha maslahi. Tunasikia pia kuhusu mtu mwenye maslahi binafsi, na hapo neno linanuka ubinafsi. Mzazi anayeambiwa barazani kwamba uamuzi utafuata maslahi bora ya mtoto ana haki ya kuuliza ni kiasi gani. Anaweza vilevile kudhani kwamba anayezungumziwa ni jamaa mwenye fedha zaidi, na kwamba mtoto atapewa yeye. Maana hiyo ni kinyume cha kanuni, kwa sababu kanuni inakataza mali peke yake kuwa kipimo.

Waliopokea kanuni hii kupitia Kifaransa wana tatizo jingine. Kifaransa kinasema « intérêt supérieur », na tafsiri ya moja kwa moja huzaa maslahi ya juu. Msikilizaji hupata picha ya ngazi: kuna maslahi ya chini na ya juu, na huenda ya juu ni ya wakubwa.

Tunapendekeza maelezo yatumike pale ambapo istilahi imeshindwa: lile linalomfaa zaidi mtoto. Maelezo haya yana faida tatu. Yanaeleweka bila kufundishwa. Yanakubali kulinganisha chaguo mbili au tatu, na hiyo ndiyo kazi halisi ya hakimu na afisa ustawi. Tena yanamweka mtoto mwishoni mwa kirai. Mahakama zinaweza kuendelea na maslahi bora kama istilahi ya kitaalamu, ili mradi hukumu inaposomwa mbele ya familia isomwe pamoja na maelezo hayo.

5. Tofauti inayopotea njiani

Kuna tofauti ndogo baina ya mikataba miwili ambayo wanasheria huithamini sana. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa 1989 kinayafanya maslahi ya mtoto kuwa jambo mojawapo la msingi la kuzingatiwa. Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Afrika kinayafanya kuwa jambo lenyewe la msingi. Kifungu cha 21 cha Mkataba wa 1989, kinachohusu kuasili, kinakwenda mbali zaidi na kuyafanya kuwa jambo linalopita mengine yote. Katika Kiingereza, tofauti ya viwango viwili vya kwanza imo katika kijineno kimoja kinachotangulia nomino. Kiswahili hakina vijineno vya aina hiyo. Mfasiri asiye macho ataandika jambo la msingi la kuzingatiwa katika vifungu vyote viwili, na hapo Afrika itakuwa imenyang'anywa hatua iliyopiga mbele ya ulimwengu.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni ulemavu wa Kiswahili. Sivyo. Kiswahili kina mojawapo, kina -enyewe, kina ndilo, kina kuliko yote. Kina vifaa vingi vya kupambanua kiasi kwamba mfasiri hana udhuru. Viwango vitatu vinaweza kuandikwa hivi: maslahi ya mtoto yatakuwa mojawapo ya mambo ya kwanza kuzingatiwa, maslahi ya mtoto ndiyo yatakayozingatiwa kwanza, maslahi ya mtoto yatazingatiwa kuliko jambo lingine lolote. Tofauti inasikika hata kwa asiyesoma. Kinachokosekana ni utaratibu wa kumtaka mfasiri aisome mikataba yote miwili kabla ya kutafsiri mmoja.

6. Majina ya madhara

Istilahi za madhara yanayompata mtoto zina uzito wa pekee, kwa kuwa jina la kosa huonyesha ubaya wake uko wapi. Tuanze na ndoa. Tanzania imezoea kusema ndoa za utotoni. Kenya, na mara nyingi Kongo na Burundi kwa athari ya Kifaransa, husema ndoa za mapema. Maneno haya mawili hayalingani. Kilicho mapema ni kizuri kilichotangulia wakati wake: mvua za mapema, uchaguzi wa mapema. Ndoa ya mapema ni ndoa halali iliyokosea kalenda. Ndoa ya utotoni inamtaja anayeumizwa. Mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, vilikiuka katiba. Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Hoja katika shauri lile ilihusu usawa na hadhi ya msichana, na kuwahi au kuchelewa hakukuwa kiini chake. Msamiati wa kanda unapaswa kufuata hoja hiyo.

Tunalo pia neno ajira. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 182 wa 1999 unakataza aina mbaya kabisa za kazi kwa watoto. Kwa Kiswahili mara nyingi tunasema ajira ya watoto. Katika nchi ambazo vijana wanaandamana wakidai ajira, na serikali zinajisifu kwa kuzalisha ajira, neno hili limejaa sifa njema. Kuipiga vita ajira ni kazi ngumu kuieleza. Utumikishwaji wa watoto ni neno lililokwisha kutumika na lina sauti sahihi, kwani linatokana na kutumikisha, kitenzi chenye kumwonyesha mtendaji anayenyonya. Vilevile linaacha nje kazi halali za nyumbani ambazo jamii zetu huzihesabu kuwa sehemu ya malezi, kama kuteka maji na kufagia. Mkataba wa Afrika wenyewe, katika kifungu cha 31, unamtaka mtoto awasaidie wazazi na wazee wanapohitaji. Mzazi anayeambiwa kwamba kazi zote za mtoto ni kosa huacha kusikiliza kabla hajafikishwa kwenye yaliyo makosa kweli.

Neno la tatu ni usafirishaji haramu wa binadamu, linalotumika katika sheria ya Tanzania ya 2008. Kenya husema ulanguzi. Neno usafirishaji huelekeza akili kwenye gari, barabara na mpaka. Lakini Itifaki ya Palermo ya 2000 inasema kwamba kumpokea au kumhifadhi mtoto kwa nia ya kumnyonya ni kosa hilohilo, na kwamba kwa mtoto si lazima kuwepo nguvu wala hila. Msichana aliyechukuliwa kwa ridhaa ya wazazi kutoka kijiji kimoja hadi mji wa wilaya ileile, akafungiwa katika kazi za ndani bila ujira wala shule, anaweza kuwa mwathirika kamili. Hakuna mpaka uliovukwa. Hakuna aliyelazimishwa mbele ya macho ya watu. Askari anayesubiri kuona safari haramu hatamwona. Neno ulanguzi lina ubora wa kutaja faida inayopatikana, lakini limezoeleka kwa bidhaa na bei. Maelezo biashara ya kunyonya watoto yanalenga kiini zaidi, na yanaeleweka Kigoma kama yanavyoeleweka Uvira.

7. Ujamaa katika fomu

Pahali ambapo Kiswahili na ushirikiano wa kimataifa hukutana uso kwa uso ni katika usajili wa watoto wakimbizi. Kambi ya Kakuma imekuwapo tangu 1992 na ya Nyarugusu tangu 1996. Nakivale ya Uganda ni ya zamani zaidi. Katika maeneo haya yote, Kiswahili ni miongoni mwa lugha za mahojiano.

Mashirika ya kimataifa hutofautisha makundi mawili. La kwanza ni la mtoto aliye peke yake kabisa, asiye na mzazi, jamaa wala mtu mzima anayewajibika kwake. La pili ni la mtoto aliyetengana na wazazi au mlezi wake wa awali, lakini huenda yuko na jamaa wengine. Tofauti hii huamua nani atafutiwe mlezi wa dharura na nani afuatiliwe katika familia aliyomo. Ni tofauti yenye maana kubwa.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto wa miaka 9 kutoka Fizi anaulizwa: uko na nani? Anajibu: niko na mama. Kwa Kiswahili chake, na kwa Kiswahili cha karibu sote, mama ni aliyemzaa, ni dada wa aliyemzaa, na hata mke wa baba mdogo. Hajadanganya. Mhojaji aliyefunzwa kwa fomu iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza anaandika kwamba mtoto yuko na mzazi. Jina lake haliingii katika orodha ya watoto waliotengana na wazazi. Mama mzazi, ambaye pengine yuko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akimtafuta hatamwona katika orodha. Kinyume chake pia chawezekana: mtoto anayelelewa na bibi tangu kuzaliwa anaandikwa kuwa ametengana na familia, ilhali familia yake ndiyo hiyo.

Lugha hapa haina upungufu. Ina mama mzazi, mama mdogo, mama mkubwa, baba mdogo, baba mkubwa, shangazi, mjomba. Ina aliyekuzaa na aliyekulea. Swali moja la nyongeza, huyo mama ndiye aliyekuzaa?, lingetosha. Fomu haina swali hilo kwa sababu lugha ilikotungwa haikulihitaji.

Neno yatima lina utata wa namna hiyohiyo. Shirika la UNICEF humhesabu yatima kuwa mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Katika sheria ya Kiislamu, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika mazungumzo ya kila siku wengi humwita yatima yule asiye na wazazi kabisa. Takwimu zinazosomwa bila kufafanua neno huwajaza wafadhili picha ya watoto wasio na mtu, na makao ya watoto hujengwa kwa ajili ya watoto ambao mama zao wako hai.

8. Kuasili, kupanga, kulea

Hakuna istilahi inayohitaji uangalifu kuliko ya kuasili, kwa sababu kosa lake halirekebishiki kwa urahisi. Mkataba wa The Hague wa 1993 unasimamia kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, na unahusu tu uasili unaounda uhusiano wa kudumu wa mzazi na mtoto. Burundi, Kenya na Rwanda zimejiunga nao. Mkataba wa Afrika, katika kifungu cha 24, unaruhusu mtoto kuasiliwa nje ya nchi kama njia ya mwisho tu.

Kiswahili kina kuasili katika sheria za Tanzania, na kupanga katika matumizi ya Kenya. Kwa Mtanzania, kupanga ni kukodi nyumba. Mtoto wa kupanga anaweza kusikika kama mtoto wa muda, atakayerudi mkataba ukiisha. Kuasili nalo ni neno ambalo wazazi wengi wa vijijini hawajawahi kulisikia. Kwa hiyo, mbele ya karatasi ya kutia sahihi, mkalimani mwenye nia njema hukimbilia neno analolijua kila mtu: watamlea. Hapo ndipo maafa huanza. Kulea katika mila zetu hakukati nasaba. Mtoto hupelekwa kwa shangazi mjini akalelewe, akasome, na Idi au Krismasi hurudi nyumbani. Mzazi anayeambiwa kwamba wageni watamlea mwanawe anakubali malezi, wakati karatasi inahamisha uzazi wenyewe.

Uganda ilikumbwa na tatizo linalofanana na hili kisheria, ambapo amri za ulezi zilitumika kuwatoa watoto nchini ili wakaasiliwe ng'ambo; marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yaliufunga mlango huo kwa kuuweka ulezi mikononi mwa raia pekee. Sheria imefanya sehemu yake. Lugha haijafanya yake. Tunapendekeza kwamba kila fomu ya ridhaa iwe na sentensi isiyo na istilahi yoyote: mtoto huyu hatakuwa wako tena kisheria, na hutakuwa na haki ya kumdai. Sentensi hiyo ni kali, na inapaswa kuwa kali. Mzazi asiyeweza kuisikia bila kurudi nyuma hajatoa ridhaa.

9. Kusikilizwa

Kifungu cha 12 cha Mkataba wa 1989 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyaeleza katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Katika Kiswahili tunasema haki ya kusikilizwa. Istilahi hii ni nzuri, lakini inapanda mlima. Mtoto msikivu, katika lugha yetu, ni mtoto mtiifu. Kusikia ni sifa ya mdogo kwa mkubwa; asiyesikia la mkuu, tunaambiwa, huvunjika guu. Haki ya kusikilizwa inageuza mwelekeo wa kitenzi ambacho jamii imekizoea kikitoka chini kwenda juu.

Wahakiki wengine wangeona hapa mgongano kati ya haki za kigeni na mila, na wangetaja kifungu cha 31 cha Mkataba wa Afrika, kinachomtaka mtoto awaheshimu wazazi na wazee wakati wote, kama ushahidi. Hatukubaliani nao. Kifungu cha 7 cha mkataba huohuo kinamhakikishia mtoto uhuru wa kutoa maoni, na waandishi wake hawakuona mkinzano. Kiswahili nacho kina kusikilizana, kitenzi cha pande mbili, ambacho maana yake ni kupatana. Mahakama na kamati za ulinzi zinazomwambia mzazi kwamba mtoto lazima asikilizwe huamsha upinzani. Zinazomwambia kwamba ni lazima msikilizane na mtoto kabla ya kuamua zinatumia neno ambalo mila yenyewe inaliheshimu.

10. Pingamizi na mapendekezo

Pingamizi zito dhidi ya uhakiki huu ni la uthabiti. Istilahi ikibadilishwa kila mhakiki anapoandika makala, mahakama haitakuwa na mahali pa kusimama. Pingamizi hili ni la haki, na kwa sababu hiyo hatupendekezi kufuta maslahi bora wala kuasili katika sheria zilizopo. Tunapendekeza ngazi mbili: istilahi moja iliyosanifiwa kwa ajili ya sheria, na maelezo mamoja yaliyokubaliwa kwa ajili ya watu, yakichapishwa bega kwa bega.

Kazi hiyo ina wenyewe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, pamoja na BAKITA na BAKIZA, zinaweza kuitisha meza moja ya wanaisimu, mahakimu, maafisa ustawi na wakalimani wa kambini. Mambo manne yangetosha kwa kuanzia. Kwanza, orodha ya pamoja ya istilahi za ulinzi wa mtoto, zilizolinganishwa na matini ya Kiingereza na ya Kifaransa kwa pamoja. Pili, tafsiri moja ya kikanda ya mikataba miwili, inayohifadhi tofauti kati ya vifungu vya 3, 4 na 21 tulizozieleza. Tatu, marekebisho ya maswali ya usajili ili yafuate mfumo wa ujamaa wa Kiswahili. Nne, kila matini isomewe watoto na walezi wa angalau nchi tatu kabla haijapitishwa, na waombwe waieleze kwa maneno yao wenyewe.

Tunasisitiza pendekezo la nne kuliko mengine. Usanifishaji wetu umezoea kuwauliza wataalamu kama neno ni fasaha. Katika jambo hili wa kuulizwa ni mama aliyeshika kalamu mbele ya fomu ya ridhaa, na mtoto wa miaka 9 aliyeulizwa yuko na nani. Ikiwa jibu lao haliafikiani na lile tulilodhani tumeandika, basi matini ndiyo yenye kosa, na irudi mezani.